Mlango wa Rubani: Mwenye Koti Anyanyua Mikono

Wiki nzima mmemwacha Bi Breki amesimama pale pale, mikono miwili juu ya toroli la chai, na yule mwenye koti la kahawia anamjia. Miguu imemuuma, maskini. Tusimchoshe zaidi.

Mwenye koti alifika. Kati yake na mlango wa chumba cha marubani palibaki vitu viwili tu: toroli, na mwanamke aliyelishika.

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hawajalisoma, mambo yalikuwa hivi. Kapteni alikuwa chooni, kile cha mbele jirani na mlango wake, tumbo limemchafuka. Katika shirika lile, rubani akitoka kwenda haja, mhudumu mmoja huingia kukaa na rubani msaidizi, mlango hufungwa kwa ndani, na mhudumu mkuu hukinga njia kwa toroli mpaka mwenyewe arudi. Aliyeingia ndani ni Kidoti, mwanamke mwenye alama ndogo nyeusi juu ya mdomo na maneno mengi chini yake. Aliyebaki nje ni Bi Breki, mhudumu mkuu, miaka ishirini na sita angani. Jina hilo wenzake walimpa kwa sababu hajawahi kuliacha toroli bila breki, hata ndege ikiwa imesimama ardhini.

"Nipishe, dada," alisema mwenye koti.

"Rudi ukae, mdogo wangu."

"Nina shida."

"Choo cha nyuma kipo."

"Kina foleni."

"Foleni haijaua mtu. Rudi."

Hakurudi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeegemea kiti. Wa kulia ulikuwa ndani ya koti, umeng'ang'ania kitu usawa wa kiuno. Kijasho chembamba kilimtoka juu ya mdomo.

Bi Breki aliutazama ule mkono kama paka anavyotazama tundu la panya. Na alikuwa na sababu.

Kila mwaka ofisi ya usalama wa anga humpandisha ndegeni mtu wake mmoja, amejifanya abiria mwenye nia mbaya. Kazi yake ni moja: aguse mlango wa chumba cha marubani. Akiugusa, wahudumu wamefeli. Mwaka jana alikuja kikongwe mwenye magongo mawili, anahema. Bi Breki akamwonea huruma, akamkalisha karibu na mlango apate hewa. Kikongwe akanyoosha gongo moja, akagonga ko ko ko, kisha akatoa kitambulisho na kalamu.

Barua iliyofuata Bi Breki aliijua kwa moyo. Akifeli tena, anashushwa moja kwa moja. Kiti chake kilishaandaliwa: ofisi ya mizigo iliyopotea, chumba cha chini ya ardhi, hakina dirisha hata la kupitisha inzi.

Msidhani aliidharau kazi ya mizigo. Marehemu mumewe alikuwa mhudumu kama yeye, na njia hii hii waliifanya pamoja, mume anavuta toroli, mke anasukuma. Alipofariki, nyumba iliisahau sauti yake mapema mno. Redio ilichukuliwa na shemeji, kiti chake kikahamia kwa jirani na hakikurudi. Lakini angani vikombe vililia vile vile kila ndege ilipopasua mawingu, na Bi Breki akisukuma toroli bado alimsikia akilalamika kwamba sukari haitoshi. Kule chini ya ardhi, kusiko na vikombe, angemsikilizia wapi?

Hivyo safari hii huruma aliiacha nyumbani.

"Toa mkono ndani ya koti," alisema.

"Siwezi, dada."

"Huwezi kwa nini?"

"Ni jambo la siri."

Kwenye safu ya pili, mama mmoja mnene, fundi cherehani anayekwenda kumshonea mpwa wake nguo za harusi, aliacha kutafuna. Jirani yake, muuza simu mwenye shati la kung'aa, alivuta miguu juu ya kiti.

"Toa mkono taratibu," alisema Bi Breki. "Ukishatoa, nyanyua yote miwili."

"Dada, nakuomba kama mdogo wako wa kuzaliwa. Usinifanyie hivi mbele za watu."

"Mikono juu."

"Utajuta."

"Kujuta nimekuzoea. Juu."

Mwenye koti alifumba macho. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuoga maji ya baridi. Akanyanyua mikono.

Suruali ikashuka.

Ilishuka yote, haikusita popote njiani, mpaka juu ya viatu. Chini yake ilikuwepo bukta ya mistari ya bluu na njano.

Kisha safu ya pili ilicheka, ya tatu ikapokea, na kicheko kikasafiri mpaka mkiani, ambako watu walicheka sana bila kujua wanacheka nini.

"Nilikwambia," alisema mwenye koti, mikono bado juu. "Mkanda wangu umebaki kule kwenye mashine ya ukaguzi. Wakaniambia vua, nikavua, nikauweka kwenye trei. Nikachukua saa, nikachukua funguo, mkanda nikausahau. Tangu tupande nimeshikilia suruali kwa mkono. Nilitaka choo cha mbele nijifunge hata na kamba ya kiatu."

Bi Breki aliona aibu inampanda kutoka miguuni. Yeye alikuwa mtu mzima, mama wa watu. Amemvua nguo kijana wa wenzake mbele ya abiria mia moja na kumi. Aligeuza uso pembeni ili amsitiri.

Hapo ndipo mwenye koti aliporuka.

Aliruka kwa nia zote, macho kwenye mlango wa rubani, mikono mbele. Lakini nia ilikuwa ya mtu mzima na miguu ilikuwa ya mbuzi aliyefungwa kamba. Suruali ilimkaba vifundoni, akaenda hewani kidogo tu, akatua kifudifudi juu ya toroli. Birika likapinduka. Vikombe vikaruka. Chai ikamwagika usoni mwake. Toroli halikusogea hata unywele. Lilikuwa na breki.

Wakati ule ule mlango wa choo ukafunguka kwa nje na Kapteni akatokea, anajifuta mikono. Mlango huo ukiwa wazi huziba kila kitu. Bi Breki hakuona kilichotokea upande wa pili. Alisikia tu kishindo kidogo, pu, na sauti ya mtu.

"Nimegusa," ilisema sauti kutoka juu ya toroli. "Nimegusa mlango. Ukaguzi."

Mwenye koti alikuwa bado amelala pale, mkono mmoja umenyooka mbele. Kwa ule mwingine alichomoa kitambulisho, kinachuruzika chai.

"Ofisi ya usalama wa anga," alisema, na licha ya hali yake alikuwa anatabasamu. "Mlango wa chumba cha marubani umeguswa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Mmefeli, dada. Pole sana."

Umesikia, baba, Bi Breki alimwambia marehemu moyoni. Kwa suruali. Wamenishinda kwa suruali.

"Hajagusa," alisema mtu.

Ilikuwa fundi cherehani.

"Kagusa," alisema muuza simu.

"Umeona nini wewe? Si ulikuwa juu ya kiti umekumbatia magoti?"

"Nimeona kwa jicho langu. Kagusa na vidole viwili."

"Jicho lenyewe ulikuwa umelifumba. Hajagusa, nasema."

Safu ya tano wakasema kagusa. Safu ya nane, ambao kutoka walipokaa wasingeona hata tembo, wakasema hajagusa na wakaongeza kwamba hata kama angegusa lingekuwa kosa la mchezaji. Kwa dakika mbili ndege ile ilikuwa uwanja wa mpira uliokosa refa.

Bi Breki aliusukuma mlango wa choo ukajifunga. Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa mkaguzi. Ghafla alikuwa mtulivu sana. Wenzake walimwogopa akiwa hivyo.

"Mdogo wangu, umegusa nini?"

"Mlango."

"Uliuona?"

"Chai ilikuwa machoni. Lakini niliuhisi."

"Ulikuwaje?"

"Sasa mlango unakuwaje, dada? Mlango ni mlango."

"Ule ni wa chuma. Naufuta mimi kila siku, naujua kuliko sufuria zangu. Ni wa baridi. Na wako ulikuwa wa baridi?"

Mkaguzi alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, hilo tumpe haki yake.

"Ulikuwa na joto kidogo," alisema.

"Mgumu?"

"Si sana."

"Ulipousukuma ulifanyaje?"

"Uliingia ndani kidogo. Halafu ukatoka tena."

"Ulisema chochote?"

Kila abiria alikuwa ameinua shingo.

"Ulisema 'aah'," mkaguzi alikiri kwa sauti ndogo.

Kapteni, ambaye muda wote alikuwa amebanwa kati ya toroli na mlango wake, alikohoa.

"Lilikuwa tumbo langu," alisema. "Na lilikuwa linauma hata kabla ya hapo."

Kicheko kilichofuata kiliwaamsha watoto waliolala. Lakini mkaguzi hakuwa mtu wa kukata tamaa, na hata mtu aliyelala juu ya toroli bila suruali ana taaluma yake.

"Huo ulikuwa mkono wa kulia," alisema. "Wa kushoto ulipita pembeni ya Kapteni. Nadhani ulifika."

"Unadhani?"

"Nahisi."

"Usitikisike hapo ulipo," alisema fundi cherehani, naye alishasimama. Shingoni alikuwa na futi yake ya kupimia nguo, ile ya kitambaa inayokunjwa. "Dada wa ndege, naruhusiwa?"

"Sogea, lakini usivuke toroli."

"Toroli lenyewe nitalivukaje na mwili huu?" Alinyoosha futi. "Haya, baba, nyoosha mkono kama ulivyounyoosha. Wote. Kwapa lifunguke. Nimepima mabwana harusi wanaotetemeka kuliko wewe."

"Ncha ya mlangoni ashike nani?" aliuliza muuza simu. "Asishike dada wa ndege. Huyu ni mwenye kesi."

Wakakubaliana ashike Kapteni. Kapteni alishika ncha ya futi kwenye mlango wake mwenyewe, amefura kwa hasira na tumbo, na fundi akaivuta mpaka kwenye kidole kirefu cha mkaguzi.

"Sentimita kumi na moja," alitangaza.

"Na nusu," alisema Kapteni.

"Nusu ni ya mshono, hatuhesabu. Kumi na moja. Hajagusa." Alianza kukunja futi, kisha akatupa jicho chini. "Na hii suruali si yako, mwanangu. Kiuno chake ni thelathini na nane, wewe hufiki hata thelathini na mbili."

"Ni ya kaka yangu," alisema mkaguzi. "Nilitaka nionekane mtu mwingine."

"Umeonekana. Ningekupa pini ya kubania, lakini pini zangu zote wenzako wamenichukua kule kwenye mashine. Wakasema ni silaha. Sasa angalia silaha ilikokosekana."

Mkaguzi alishuka kwenye toroli, akaivuta suruali, akaishika kwa mikono miwili. Hakuwa na mkono wa kuandikia.

Bi Breki alifungua kabati la juu, akatoa ule mkanda mfupi ambao hufungiwa watoto wanaosafiri mapajani mwa mama zao. Akamzungushia kiunoni mkaguzi, akasukuma kibati ndani ya kifungio mpaka kikalia ka, kisha akauvuta ukakaza.

"Kuufungua unanyanyua hapa," alisema, maana mazoea yana taabu. Mkaguzi alimsikiliza kwa makini kuliko abiria yeyote aliyewahi kuelekezwa mkanda.

Kisha akatoa fomu mfuko wa ndani. Ilikuwa imelowa pembeni. Aliikunjua, akaitazama, akashusha sauti.

"Dada. Wewe nawe unaandika taarifa yako ya safari, siyo?"

"Kila safari."

"Unaandika kila kitu?"

"Kila kitu."

"Tuongee kama ndugu basi. Mimi hapa nitaandika umefaulu. Wewe suruali hukuiona."

Kapteni alitazama dari. Fundi cherehani alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Ilikuwa njia nyepesi, msomaji, na wengi wetu tungeipita mbio.

"Nimefaulu kwa sentimita kumi na moja," alisema Bi Breki. "Zimepimwa mbele za watu. Suruali yako siihitaji."

"Andika basi ililegea."

"Nitaandika ilishuka."

"Ilishuka kiasi?"

"Mpaka kwenye viatu."

Mkaguzi aliitazama kalamu. Angeweza kuandika lolote. Fomu ilikuwa yake, na ofisini wangemwamini yeye. Bi Breki alilijua hilo. Vidole vyake vilikuwa vimekaza juu ya ukingo wa toroli mpaka kucha zimebadilika rangi, lakini usoni alitulia. Ungesema anasubiri abiria achague chai au kahawa.

"Mama yangu mzazi naye ni mtu wa namna hii," alisema mkaguzi hatimaye, kwa huzuni. "Tuliteseka sana."

Akaandika. Akageuza fomu. Chini, juu ya sahihi, kulikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: AMEFAULU.

Abiria walipiga makofi. Muuza simu alipiga kuliko wote, akamwambia jirani wa upande wa pili kwamba yeye tangu mwanzo alisema hajagusa. Fundi cherehani alimtazama tu. Kuna maneno hata sindano haiyapenyi.

Bi Breki aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole. Alilisoma neno lile moja mara tatu. Tumebaki juu, alisema moyoni. Mimi na wewe. Akapitisha kiganja machoni haraka, kama mtu anayefuta chai iliyomrukia, na kwa muda wa dakika moja hivi hakuwa na neno na mtu yeyote duniani.

"Haya, hongera," alisema Kapteni. "Sasa niingie. Dakika ishirini zijazo tunaanza kushuka, na yule kijana mle ndani bado hajazoea uwanja ule."

"Mara moja, Kapteni."

Utaratibu wa kurudi ndani haukuwa mgumu. Unanyanyua simu ya ndani, unabonyeza mara tatu, Kidoti anajibu. Anachungulia kwenye tundu la mlango, anamwona Kapteni, anafungua. Bi Breki alibonyeza mara tatu.

Simu ilinyanyuliwa upande wa pili.

"Kidoti, Kapteni anarudi. Chungulia kisha ufungue."

Kimya. Hilo peke yake halikuwa la kawaida. Kidoti alikuwa na tabia ya kujibu kabla hujamaliza kuuliza.

"Kidoti?"

"Subirini kidogo hapo nje," ilisema sauti. "Binti yenu ananimiminia chai."

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Nzito, tulivu, ya mtu aliyelelewa vizuri. Rubani msaidizi ana sauti nyembamba kama ya mbu. Shirika zima humtania kwa hiyo. Huyu hakuwa rubani msaidizi.

Bi Breki alifunika simu kwa kiganja.

"Kapteni," alinong'ona, "ulipotoka uliacha watu wangapi mle ndani?"

"Mmoja. Kidoti akaingia, wawili. Kwa nini?"

Bi Breki alimgeukia mkaguzi polepole.

"Mdogo wangu, niambie ukweli kama ulivyonieleza wa mlango. Yule aliye ndani ni mtu wenu?"

Mkaguzi aliutazama mlango alioutamani asubuhi nzima. Akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili.

"Dada," alisema, "mwaka huu wamenituma peke yangu."